SATARANJI: KUJITAYARISHA KUUKABILI ULINZI WA CARO-KANN

Wahenga walisema, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Maana ya maneno hayo niliipata muhula uliopita, siku tuliposhindana na shule ya jirani. Pande zote mbili zilikuwa sawa kwa pointi, na mchezo uliobaki ulikuwa wangu. Nikashindwa, na shule yetu ikashindwa pamoja nami. Nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji kosa langu, na njia niliyofundishwa baadaye, ili wengine wasije wakalirudia.

Kwanza, kwa wale wasioujua mchezo huu, nieleze namna tunavyoandika hatua. Ubao una miraba 64. Safu ziendazo kutoka kwa mwenye kete nyeupe mpaka kwa mwenye nyeusi huitwa kwa herufi, a mpaka h, kuanzia kushoto kwa mwenye nyeupe. Mistari inayozikata safu hizo huhesabiwa 1 mpaka 8. Basi tukisema "askari e4", maana yake askari amekwenda katika mraba wa safu e, mstari wa 4.

Mimi hupenda kuanza na askari e4. Mpinzani wangu siku ile alijibu kwa askari c6. Huo ndio mwanzo wa ulinzi uitwao Caro-Kann, kwa majina ya Horatio Caro, Mwingereza, na Marcus Kann wa Austria, walioandika habari zake mwaka 1886. Askari wa c6 huonekana mnyonge, lakini kazi yake ni kumtegemeza mwenzake atakayekwenda d5 katika hatua ya pili. Isitoshe, hamfungii njia askofu aliye c8, naye aweza kutoka mapema. Kwa sababu hiyo ulinzi huu ni kama nyumba ya mawe: haina mapambo, lakini haianguki kwa kusukumwa.

Wala si ulinzi wa waoga. Mikhail Botvinnik alipopoteza ubingwa wa dunia kwa Vasily Smyslov mwaka 1957, alirudi mwaka uliofuata akiwa amejitayarisha kuutumia ulinzi huu. Aliutumia katika mchezo wa kwanza kabisa, akashinda, na mwishowe akaurudisha ubingwa wake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Nilikuwa nimekariri mtego mmoja tu. Baada ya askari d4 na askari d5, nilicheza farasi c3. Mwenzangu akamla askari wangu wa e4, nami nikamla wake kwa farasi. Alipompeleka farasi wake d7, nikamweka malkia e2. Nilitazamia atoe farasi wa pili, aende f6. Kama angefanya hivyo, farasi wangu angeruka mpaka d6 na mchezo ungekwisha hapo hapo: askari wa e7 asingeweza kumla, kwa kuwa malkia wangu angekuwa anamwelekea mfalme wake nyuma ya askari huyo, na mfalme mwenyewe asingekuwa na pa kwenda.

Lakini mpinzani wangu alitazama ubao kwa kitambo, kisha akampeleka f6 farasi yule yule wa d7. Malkia wake sasa aliiona d6, na farasi wangu angekanyaga hapo angeliwa. Mtego ukafa. Malkia wangu akabaki e2, amemzibia njia askofu wangu mwenyewe wa f1, nami sikuwa na shauri jingine. Baada ya hatua 40 hivi mfalme wangu alifungwa.

Mwalimu wetu hakunikemea. Aliniuliza tu, "Kijana, kwa kila hatua uliyocheza, waweza kunipa sababu yake?" Sikuweza. Akaniambia ninunue daftari, nigawe kila ukurasa sehemu mbili: kushoto hatua, kulia sababu. Hatua isiyo na sababu isiandikwe. Tena nichague njia moja tu ya kuukabili ulinzi huu, kwani mshika mbili moja humponyoka.

Njia tuliyochagua ni ile aliyoitumia Bobby Fischer wa Marekani dhidi ya Tigran Petrosian mjini Belgrade mwaka 1970. Petrosian alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1963 mpaka 1969, na alisifika kwa ugumu wa kushindwa. Fischer hakumrukia kwa fujo. Alicheza hivi:

1. Askari e4; askari c6.
2. Askari d4, askari d5.
3. Askari wa e4 anamla wa d5. Askari wa c6 anamlipiza.
4. Askofu d3, farasi c6.
5. Askari c3, farasi f6.
6. Askofu f4.

Na katika daftari langu, upande wa kulia, nimeandika hivi. Hatua ya 3: kubadilishana askari hutuliza katikati ya ubao, mimi napata nafasi katika safu e, naye katika safu c. Hatua ya 4: askofu wa d3 anailinda f5, hivyo askofu wa mpinzani hawezi kutoka huko bila kuliwa. Hatua ya 5: askari wa c3 anamtegemeza askari wangu wa d4. Hatua ya 6: askofu wa f4 anaiangalia e5, mraba ambao baadaye nitamweka farasi. Na askofu mweusi akitoka kwenda g4, askari wa b7 amebaki bila mlinzi, basi malkia wangu aende b3. Ndivyo alivyofanya Fischer, na askofu wa Petrosian akarudi d7. Mwishowe Fischer alishinda.

Baada ya hapo hakuna tena cha kukariri, ila kujua kila upande unataka nini. Mwenye nyeupe humweka mfalme wake salama g1, huleta ngome katika safu e, humpeleka farasi e5, kisha humwendea mfalme wa mpinzani. Mwenye nyeusi hupeleka askari wake wa b mpaka b5 na b4 ili amsumbue askari wa c3. Anayeyajua haya hata akikutana na hatua ngeni hatapotea, kwa kuwa anajua aendako.

Jambo la mwisho ni kulitunza daftari. Kila baada ya mchezo, tuwe tumeshinda au tumeshindwa, yatupasa kutafuta ni hatua gani tuliyotoka nje ya yaliyoandikwa, tujiulize kwa nini, na kuongeza mstari mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Muhula huu shule ile ilikuja tena, nikakaa mbele ya mpinzani yule yule. Nilicheza e4, naye, kwa tabasamu, akacheza c6. Tulicheza mpaka jua likakaribia kutua, tukatoka sare. Sare si ushindi, najua. Lakini alipoondoka mezani aliniuliza ni wapi nilipojifunza, na mwalimu aliponiuliza tena sababu ya kila hatua, niliweza kumjibu zote isipokuwa mbili. Hizo mbili nimekwisha kuziandika.

Katibu,
Chama cha Sataranji