Andika yaliyokusibu, moyo upate nafuu

MFICHA maradhi kifo humuumbua, walinena wahenga. Aghalabu tunautumia msemo huu kwa maradhi ya mwili. Lakini hebu jiulize, msomaji, vipi kuhusu donda lisilotoka damu?

Pwani ya kusini ina madonda kama hayo. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa maji. Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na vurugu zikaenea hadi Diani na sehemu nyingine za Kwale. Watu waliuawa, nyumba na vibanda vikateketezwa, maelfu wakahama makwao.

Mtoto akiuliza habari za siku hizo, huenda akajibiwa: "Yaliyopita si ndwele." Naam, lakini yakikuamsha usiku ukitweta, bado hayajapita. Hiyo ni ndwele, nayo yataka kugangwa.

Njia mojawapo ni kalamu. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Akiwa peke yake gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Nchini Marekani, utafiti wa James Pennebaker uliotangazwa 1986 uliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne. Walioandika msiba wao pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa nafuu hiyo kwa kawaida ni ndogo, wala si kwa kila mtu.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka kambi ya Imvepi, Uganda. Huko wakimbizi kutoka Sudan walisimulia maisha yao tangu utotoni kwa mshauri aliyeyaandika, akawasomea, nao wakasahihisha. Vikao vilikuwa vinne tu. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, ni asilimia 29 tu kati yao waliokuwa bado na maradhi ya kiwewe. Waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa karibu asilimia 80.

Siri ni nini? Kumbukumbu ya kiwewe huja vipande vipande: harufu ya moshi, ukelele, maji. Haina tarehe, hivyo mwili hudhani hatari ingalipo. Ukiipanga kwa mwanzo, kati na mwisho, akili hutambua kuwa yale yalikuwa ya wakati ule.

Ufanyeje basi?

Chukua daftari na utafute mahali patulivu. Anza na mema ya utotoni, kisha usogee polepole. Andika ulichoona, ulichosikia na ulivyohisi, kwa dakika 15 au 20, siku tatu au nne. Usijali hati wala sarufi. Kama ni Kidigo kinachokutoka moyoni, andika Kidigo. Ukiona unatetemeka, weka kalamu chini. Na kama msiba ni wa juzijuzi tu, subiri kwanza.

Nawe mwanafunzi, ikiwa bibi yako hajui kuandika, waweza kuwa mkono wake. Lakini usimlazimishe. Atakapokuwa tayari, msikilize, andika, kisha umsomee arekebishe.

Tahadhari: daftari si daktari. Ikiwa hulali, huli, au unafikiria kujiua, usibaki peke yako na kalamu. Mwambie mtu unayemwamini, nenda hospitali, iwe Msambweni au iliyo karibu nawe, ueleze waziwazi.

Ukimaliza, daftari ni lako. Lifungie sandukuni, lichome, au wape wanao wasome. Uamuzi huo hakuna wa kukupokonya.