Piko si Hina

Harusini Tudor, kama kwingineko Mombasa, bibi harusi hupambwa maua mikononi na miguuni. Hina ni majani yaliyosagwa. Rangi yake nyekundu, nayo hutaka saa kadhaa kukolea. Piko ni rangi ya nywele yenye kemikali ya parafenilenidiamini. Hukolea upesi, ikawa nyeusi ti. Inapendeza, hilo halina ubishi. Lakini wako wanaowashwa, wakafura na kutoka malengelenge palepale yalipochorwa maua: ndio mzio. Mara ya kwanza huenda pasitokee lolote, kumbe mwili umeshaifanya adui. Ya pili ikazua balaa. Aliyekwisha kudhurika asiiguse tena maishani, hata kwa kuficha mvi. Na mchoraji akikuletea “hina nyeusi”, bibi, mwambie kwanza akuonyeshe boksi lake.