Kanisa la Parokia na Mlinzi wa Mpaka

Hadi mwaka 1902, Busia ya Kenya ilikuwa sehemu ya Uganda. Serikali ilipouhamisha mpaka, Kanisa Katoliki halikufuata mara moja: mapadre wa Mill Hill walihudumia pande zote mbili chini ya askofu mmoja hadi mwaka 1925. Makanisa ya mwanzo yalikuwa ya udongo na nyasi. Yakafuatiwa na ya matofali ya kuchoma. Jumapili jengo lilikuwa nyumba ya ibada, siku za kazi darasa. Wasamia na Wateso wa pande zote ni jamaa. Husali, huoana na kuzikana. Basi askari aliye zamu na amkague mwenda mazishini kwa mujibu wa sheria, lakini kwa heshima. Jirani aliyeheshimiwa ndiye jicho la kwanza la mlinzi wa mpaka.