Daftari la Injini

Somo letu la leo lahusu gari na simu.

Mgonjwa alazwapo hospitali, muuguzi humpima joto asubuhi na jioni, akaandika. Kwa nini? Kwa sababu kipimo kimoja hakionyeshi kama homa yapanda au yashuka. Injini nayo ni hivyo hivyo.

Chini ya usukani wa magari mengi ya siku hizi pana tundu lenye nafasi za pini 16. Marekani ililazimisha tundu hilo katika magari madogo mapya tangu mwaka 1996. Chomeka humo kifaa kidogo cha kupimia, kisha fungua programu yake katika simu. Kifaa huiuliza kompyuta ya gari, na majibu hufika kwenye simu kwa mawimbi ya redio, pasipo waya. Programu huandika joto la maji ya injini, mizunguko kwa dakika, na mwendo wa gari.

Injini ikisha kupata moto, maji huwa karibu nyuzi 90 katika magari mengi. Tuseme wiki hii yasoma 90, wiki ijayo 96, halafu 102, kwa njia ile ile na mzigo ule ule. Taa ya hatari haijawaka, lakini daftari limekwisha sema. Mwonyeshe fundi maandishi hayo mapema. Huenda ukaiokoa injini nzima kwa bei ya mpira mmoja wa maji.

Angalia: washa programu gari likiwa limesimama. Ukiendesha, macho yawe barabarani; simu itaandika yenyewe.