Miwani ya Kompyuta na Njia ya Kurudi Nyumbani

Je, miwani iliyolipwa na bwana wa kazi inaweza kuvaliwa kila pahali? Hapa kuna maneno mawili: moja ni la sheria, na moja ni la macho.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna sheria ya mwaka 1990. Inasema kwamba mutu anayefanya kazi kwa kompyuta ana haki ya kupimwa macho. Kama anahitaji miwani ya pekee kwa kazi hiyo, asitozwe kitu.

Huko Cluj, katika Romania, mutumishi mumoja wa serikali alinunua miwani kwa lei 2,629. Bwana wa kazi akakataa kumurudishia feza. Neno likafika mbele ya waamuzi wa Umoja wa Ulaya. Siku ya 22 Desemba 2022 wakasema kwamba bwana wa kazi anaweza kutoa miwani yenyewe ao kurudisha bei yake. Wakasema tena kwamba sheria haiagizi miwani ile ivaliwe kazini tu.

Basi, ruhusa iko. Lakini macho hayajui sheria.

Ndani ya jicho kuna lenzi ndogo. Katika ujana ni laini, nayo inajigeuza upesi kuona karibu na mbali. Karibu na miaka 40 mutu anaanza kutambua kwamba imekuwa ngumu. Miwani ya kompyuta inaisaidia kuona kioo kilicho mbali na macho kwa sentimetre 50 kufika 70. Kwa mufano, mutu anayeona mbali vizuri bila miwani, akivaa ile yenye nguvu ya +1.25, mwisho wa kuona kwake wazi ni sentimetre 80. Ngambo ya pale vitu vyote vina ukungu.

Tufikiri sasa mutu huyu anatoka kazini jioni. Amechoka, amesahau kuvua miwani, anaingia katika motokari. Anafikiri anaona barabara. Lakini mutoto anayevuka ni kama kivuli tu.

Wengine wanaogopa kwamba miwani hii itaharibu macho yao. Hapana, haiharibu macho ya mutu muzima. Hatari yake ni kuanguka ao kugonga mutu.

Kwa hiyo ushike mashauri haya:

1. Mbele ya kwenda kupimwa, pima kwa kamba toka macho yako kufika kioo cha kompyuta. Umwambie muganga urefu huo.

2. Nyumbani uivae kwa kazi za karibu, kama kushona ao kuandika, ukiona vizuri nayo.

3. Uivue mbele ya kuendesha motokari, pikipiki ao kinga, na mbele ya kushuka ngazi. Kama una miwani ya kuona mbali, vaa ile.

4. Uulize bwana wa kazi nani atalipa ikivunjika nyumbani.

5. Macho yakiuma sana, ao kuona kukipunguka kwa gafula, usitafute miwani nyingine. Kwenda kwa muganga siku ile ile.

Kwetu Kongo vilevile, ukipewa miwani ya kazi, ao ndugu akikutumia miwani toka Ulaya, simama mulangoni utazame muti ulio mbali. Kisha uivue, utazame tena. Kama majani yanaonekana wazi zaidi bila miwani, uiache mezani mbele ya kushika njia.