Je, wajua rangi ya mafuta hukaukaje?

Chukua dumu la mafuta ya pamba lililokaa jikoni kwa muda mrefu, katika nyumba yoyote ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mdomoni, chini kidogo ya kifuniko, utakuta utando wa njano unaonata, mgumu kutoka hata ukisugua kwa maji ya moto. Kinachotokea hapo ndicho kilichozihifadhi sura za makabaila wa Kiingereza zilizotundikwa katika majumba yao ya mashamba kwa karne na karne.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, maana haina maji. Mafuta hunyonya oksijeni ya hewani, molekuli zake zikashikana, na kile kilichokuwa majimaji kikawa ngozi ngumu. Ndiyo maana rangi hiyo mwanzoni huongezeka uzito inapokauka. Wachoraji hupenda mafuta ya mbegu za kitani kwa sababu yana asidi ya linoleniki kwa wingi, nayo hushika oksijeni upesi. Mafuta ya pamba yana asidi hiyo kidogo mno, huishia kunata. Uzuri wa kitani una hatari yake: kazi hiyo ya kunyonya oksijeni hutoa joto, na matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe.

Mkulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini Tanzania, yumo katika habari hii kwa njia nyingine. Zamani picha zilichorwa juu ya kitambaa cha kitani, lakini turubai nyingi za wachoraji siku hizi ni za pamba. Kwanza hupakwa gundi, kwa kuwa mafuta yakigusa nyuzi huzila taratibu mpaka zikatike.

Na juu ya rangi huja vanishi. Hapa pwani yetu ina sehemu kubwa kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1840 meli ya Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar, ilitia nanga New York ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na masanduku ya sandarusi. Mjumbe wa Sultani, Ahmad bin Na'aman, alichorwa huko kwa rangi ya mafuta na Edward Mooney, akiwa na kilemba chake kichwani, kama walivyochorwa wakubwa wa Ulaya. Sandarusi ni utomvu wa miti uliogandishwa na miaka mingi ardhini. Watu wa Mrima, pwani ya bara mkabala na Zanzibar, waliuchimba, wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakaununua, wakarudi Zanzibar na vitambaa vya merikani. Utomvu huo ukiyeyushwa ndani ya mafuta ya kitani hutoa vanishi ngumu yenye kung'aa, iliyopakwa magari ya farasi, samani na hata picha. Jasho la wachimbaji wale lastahili kutajwa kila vanishi hiyo inaposifiwa.

Ila vanishi ya namna hiyo huwa ya kahawia inapozeeka, na kuiondoa bila kuumiza rangi iliyo chini ni kazi ngumu kwa mafundi wa makumbusho. Kwa hiyo ukiona picha ya karne ya 19 yenye uso uliofifia na kuwa na giza, usimlaumu mchoraji: mara nyingi ni vanishi iliyozeeka.