Unga chini ya stuli: kagua mbao kabla mzigo haujapanda basi

Unauza stuli za mninga kwa WhatsApp, uko Milanzi, mteja yuko Dar. Miezi minne baadaye anakutumia picha: unga laini kama poda sakafuni. Hapo anataka hela yake, na picha ishafika kwenye magrupu.

Huyo ni dumuzi wa mbao. Anafuata wanga, ndiyo maana anatoboa ile sehemu nyeupe ya karibu na gome na kuuacha moyo mwekundu wa mninga. Buu anaweza kukaa ndani mwaka mzima, juu mbao inaonekana safi kabisa. Tundu la milimita 1 au 2 unaloliona ni mlango aliotokea.

Zungushia matundu penseli, futa unga, gonga mbao juu ya karatasi nyeusi baada ya wiki mbili. Unga mpya ukidondoka, bado wamo. Tundu lenye weusi pembeni, bila unga, mara nyingi ni la mdudu wa gogo bichi. Mbao ikikauka anakufa.

Dawa? Kwanza kata weupe wote, hata kama fundi atalalamika. Unaobaki upake boraksi iliyoyeyushwa kwenye maji kabla ya vanishi, kisha uache ukauke. Vanishi peke yake haiui waliomo, wataitoboa watoke. Oili chafu ya gari achana nayo, inanuka na haifiki ndani.

Na mbao usizipange stoo moja na mahindi. Scania, yule dumuzi wa mahindi, naye anatoboa mbao.